Shika Kiumbe Kimoja: Namna ya Kuanza Bioinfomatiki Ukiwa Dar es Salaam

Swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wa Mlimani na Muhimbili, ni hili: "Dada, nianze na Python au nianze na R?" Hizo ni lugha mbili za kuandikia programu za kompyuta. Wengine huuliza kama warudi wakasome shahada ya kompyuta, kwa kuwa walichukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na wanaamini mlango umeshafungwa. Wote nawajibu jambo moja. Anza na kiumbe. Chagua kirusi kimoja, au kimelea kimoja, au mbu wa aina moja, au jeni moja ya binadamu, kitu kinachogusa watu unaowafahamu kwa sura na majina, kisha kaa nacho mwaka mzima. Python, R, Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta) na takwimu vitakuja kwa zamu yake, kwa sababu kiumbe wako atakudai uvijue.

Wangu mimi ni kirusi cha michirizi kahawia kwenye muhogo. Wazazi wangu wanalima Mkuranga, na ugonjwa huu una ukatili wake: majani yanaweza kuonekana ya kawaida, shina limesimama vizuri, mkulima anasubiri hadi siku ya kuvuna, halafu akikata muhogo anakuta ndani umekauka na kuoza kwa madoa ya kahawia. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza miaka ya 1930, hapahapa Tanganyika. Unaenezwa na nzi weupe, na unaenezwa na sisi wenyewe tunapopeana pingili za kupanda zenye ugonjwa. Jenomu ya kirusi chenyewe, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ni uzi wa RNA wenye herufi takriban 9,000. Herufi 9,000 tu, na zinatosha kumaliza chakula cha kaya nzima. Nilipolielewa hilo sikuhitaji mtu wa kunisukuma nijifunze Linux.

Sasa fani yenyewe ni nini? Hapa Dar ukitaja vinasaba, wengi huwaza Mkemia Mkuu wa Serikali na mashauri ya nani baba wa mtoto. Hicho ni kipande kidogo sana. Bioinfomatiki ni kutumia kompyuta, hesabu na takwimu kusoma taarifa zilizoandikwa ndani ya viumbe: DNA yenye herufi nne, A, T, G na C, RNA, ambayo mahali pa T huweka U, na protini zinazojengwa kwa amino asidi 20. Ilikuwapo kabla ya intaneti. Mwaka 1965 Margaret Dayhoff wa Marekani na wenzake walichapisha mkusanyo wa mifuatano ya protini 65, wakati huo ikiwa karibu yote iliyojulikana duniani. Mwaka 1977 kundi la Frederick Sanger huko Uingereza lilisoma jenomu nzima ya kirusi kidogo kinachoshambulia bakteria, herufi zipatazo 5,400. Mradi wa jenomu ya binadamu ulianza mwaka 1990 na kutangazwa kukamilika mwaka 2003, ukiwa na herufi kama bilioni 3. Katikati yake, mwaka 2002, zilichapishwa kwa pamoja jenomu mbili zinazotuhusu sisi moja kwa moja: ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, na ya mbu anayekibeba, Anopheles gambiae. Kwangu mwaka huo ni mkubwa kuliko 2003.

Mashine haisomi jenomu nzima kwa mkupuo mmoja. Zinazotumika sana hutoa mamilioni ya vipande vifupi, vingi vya herufi 150 hivi, vilivyochanganyika ovyo. Nyingine, kama MinION, kifaa kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, hutoa vipande virefu vya maelfu ya herufi. Programu huvipanga vipande hivyo kama fundi anavyoezeka makuti: kila kimoja kinalalia sehemu ya mwenzake, na pale vinapolaliana ndipo kompyuta inajua nini kinafuata nini. Kila herufi huja na alama ya ubora wake. Alama 20 maana yake kuna uwezekano wa kosa moja katika herufi 100, alama 30 ni kosa moja katika 1,000. Zoea kuziangalia alama hizo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Zoezi la kwanza halihitaji hata bando. Chukua kalamu na karatasi. Huu ni mwanzo wa maelekezo ya jeni iitwayo HBB, iliyo kwenye kromosomu ya 11, ambayo hutengeneza sehemu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT

Kila herufi tatu ni kodoni, na karibu kila kodoni inataja amino asidi moja. ATG ndiyo alama ya kuanzia. Iache hiyo, kisha hesabu kodoni sita mbele. Utafika kwenye GAG ya kwanza, inayotaja asidi ya glutamiki. Sasa badilisha A yake iwe T. Umepata GTG, inayotaja valini. Umemaliza, umeandika selimundu. Asidi ya glutamiki inapatana na maji, valini inayakwepa, kwa hiyo himoglobini zikikosa oksijeni zinashikana na kujipanga kama kamba, na seli nyekundu inapinda. Herufi moja katika bilioni 3, na mtoto analazwa wodini na maumivu ya mifupa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani, na Muhimbili wamekuwa wakifuatilia kundi kubwa la wagonjwa tangu mwaka 2004. Aliyerithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu haikupotea katika nchi zetu za mbu.

Sasa iambie kompyuta jambo hilohilo. Fungua Python na andika:

mfuatano = "ATGGTGCATCTGACTCCTGAGGAGAAGTCT"
for i in range(0, len(mfuatano), 3):
    print(i // 3, mfuatano[i:i+3])

Utaona kodoni zikishuka moja moja, kila moja na namba yake. Python huanza kuhesabu na sifuri, hivyo ATG inapata 0 na kodoni yetu inapata 6, sawasawa na machapisho ya zamani ya selimundu yanavyoiita. Lakini orodha nyingi za kisasa huipa ATG namba 1, na badiliko lilelile utalikuta limeandikwa namba 7. Wote wako sahihi. Nakaa hapa kwa makusudi, kwa sababu makosa mengi niliyoyakuta kwenye kazi za wanafunzi yanaanzia kwenye kuhesabu. Kuna aina za faili zinazotaja mahali kwenye jenomu: za BED huanza na 0, za VCF na GFF huanza na 1. Ukichanganya faili hizo bila kujua, kila jibu lako litakuwa limesogea herufi moja, programu haitalalamika, na utaandika ripoti nzuri kuhusu herufi ya jirani. Kabla ya kulinganisha namba yoyote na ya mtu mwingine, uliza: huyu ameanza kuhesabu wapi?

Zoezi la pili ni la kirusi chako. Nitatumia changu. Ingia kwenye NCBI, hazina ya serikali ya Marekani iliyo wazi kwa dunia nzima bila malipo, upande wa Nucleotide, na utafute Cassava brown streak virus complete genome. Zitakuja jenomu zilizosomwa na watafiti wa nchi mbalimbali, zikiwamo za hapa kwetu. Zipakue zote kwenye faili moja ya FASTA (maandishi ya kawaida yenye mifuatano), uiite virusi.fasta. Hapo ndipo napenda wanafunzi waone faida ya kuanza na kirusi: jenomu 100 za herufi 9,000 ni herufi 900,000, yaani chini ya megabaiti moja. Bando la shilingi mia chache linatosha. Aliyeanza na jenomu ya binadamu angehitaji makumi ya gigabaiti kwa data ghafi ya mtu mmoja tu.

Fungua dirisha la amri na andika:

grep -c ">" virusi.fasta

Katika FASTA kila mfuatano hutanguliwa na mstari unaoanza na alama ya >, kwa hiyo amri hiyo inakuhesabia una virusi wangapi. Ikikupa namba tofauti na uliyoiona kwenye tovuti, simama hapo na utafute sababu kabla ya kuendelea. Kisha, kwa programu ya MAFFT, panga mifuatano yote ili herufi zinazolingana zikae safu moja, na kwa programu ya IQ-TREE uchore mti wa ukoo:

mafft virusi.fasta > pangwa.fasta
iqtree2 -s pangwa.fasta -B 1000

Kwa kompyuta ya kawaida kazi hiyo inaweza kuchukua muda wa kwenda kula mchana na kurudi. Ukiufungua mti utaona matawi makuu mawili yaliyoachana mbali. Hayo ni spishi mbili tofauti za kirusi zinazoleta ugonjwa mmoja, na jenomu zao zinafanana kwa takriban asilimia 70 tu. Moja imeitwa ya Uganda, lakini usiichukulie kuwa ya huko peke yake, ipo Tanzania pia. Sasa fikiria mtaalamu anayetengeneza kipimo cha kutambua pingili zenye ugonjwa. Akitumia tawi moja tu, pingili zenye kirusi cha tawi la pili zinaweza kupita zikionekana salama, na mkulima wa Mkuranga akapanda ugonjwa kwa mkono wake. Mti uliouchora kwenye kompyuta ya mtumba ndio unaokuonyesha hatari hiyo.

Kwenye makutano ya matawi kuna namba hadi 100. Zinaonyesha tawi hilo limesimama imara kiasi gani data zikichezeshwa mara 1,000. Kwa njia hii ya IQ-TREE, tawi lenye chini ya 95 usilijengee hadithi.

Kama muhogo haukugusi, chagua kingine, na angalia ukubwa wa jenomu kabla ya kuchagua. Bakteria wa kifua kikuu ana herufi milioni 4.4, anafaa sana kwa hatua ya pili baada ya virusi, na usugu wa dawa kwake unasomeka vizuri kwenye jenomu. Kimelea cha malaria kina herufi kama milioni 23, kromosomu 14 na jeni zaidi ya 5,000, na ni kigumu kwa sababu karibu asilimia 80 ya herufi zake ni A na T, hivyo programu hupotea njia kirahisi. Lakini swali lake ni la moto. Kuna jeni iitwayo kelch13, na mabadiliko fulani ndani yake humfanya kimelea avumilie artemisinini, ile sehemu ya dawa mseto inayoua vimelea haraka. Badiliko moja, R561H, lilionekana Rwanda, kisha likaonekana Kagera. Maana yake ni kwamba protini hiyo mahali pa 561 imeacha ajinini ikaweka histidini. Watu wa NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na washirika wao wamekuwa wakikusanya sampuli mikoani kufuatilia jambo hilo, na kazi ya kuzisoma ni bioinfomatiki tupu. Data nyingi za malaria zimewekwa wazi kupitia mtandao wa MalariaGEN, zikiwa na maelfu ya sampuli za Afrika, na jeni zenyewe utazikuta kwenye hifadhidata ya PlasmoDB. Mwenye kupenda samaki asome furu wa maziwa yetu makuu: jenomu za spishi tano za Afrika Mashariki zilichapishwa mwaka 2014, na namna samaki hao walivyozaa mamia ya spishi kwa muda mfupi ni moja ya habari nzuri kuliko zote katika baiolojia. Hiyo ni data kubwa, ifikie baadaye.

Kuhusu kompyuta, nisikupoteze muda. RAM ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia, 16 ni raha, na diski iwe SSD. Zilizotumika zinapatikana Kariakoo, ila nenda na mtu anayejua kuzikagua, na ujaribu betri palepale dukani. Ukiwa na Windows, washa WSL, sehemu yake inayoendesha Linux, uweke Ubuntu (aina moja ya Linux) ndani yake. Weka programu kupitia Conda na hazina yake ya Bioconda, utajiokoa na siku nyingi za kuhangaika. Kazi kubwa zipeleke Galaxy, seva za bure zinazokuruhusu kuchambua data kupitia kivinjari hata kwa kompyuta dhaifu. Mafaili makubwa yapakue kwa bando la usiku, kwa amri ya wget -c, ambayo umeme au mtandao ukikatika huendelea pale ilipoishia. Ukishapata ruhusa ya kutumia seva ya chuo, jifunze tmux siku ya kwanza kabisa, ili kazi iendelee kwenye seva hata kama kwako Mbagala giza limeingia.

Takwimu sasa. Hapa nitaongea kwa ukali kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wazuri wanapopaacha. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini. Tuseme unalinganisha wagonjwa na wazima, na kwa kila jeni unauliza kama kuna tofauti, ukikubali kiwango cha kawaida cha 0.05, yaani nafasi 5 kati ya 100 za kudanganywa na bahati. Hata kama hakuna tofauti yoyote ya kweli, utapata jeni kama 1,000 zinazoonekana kuwa na tofauti, kwa bahati tu. Elfu moja! Mtu asiyejua hili atazichukua jeni hizo, atachagua tano zenye majina ya kuvutia, na atazitungia maelezo. Kuna njia za kurekebisha, ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995 ikiwa ndiyo inayotumika zaidi, na programu kama DESeq2 kwenye R huifanya yenyewe. Lakini lazima ujue kwa nini inafanywa. Ukiweza kunieleza jambo hili kwa Kiswahili chepesi, bila karatasi, nitakuamini na data yangu. Ukinitajia programu kumi ulizowahi kufungua, bado nitakuuliza hili.

Jambo jingine ambalo halifundishwi vya kutosha ni jedwali la sampuli. Sehemu kubwa ya wiki yangu inakwenda huko. Sampuli hiyohiyo imeandikwa MK-07 kwenye chupa, MK7 kwenye daftari na mk_007 kwenye faili. Wilaya imeandikwa Mkuranga, MKURANGA, na mahali pengine Mkuranga yenye nafasi isiyoonekana mwishoni, ambayo kompyuta inaihesabu kuwa wilaya nyingine kabisa. Tarehe 03/04 imeandikwa na mtu mmoja akimaanisha Aprili na mwingine akimaanisha Machi. Hakuna programu ya kisasa itakayokuokoa hapo. Piga simu kwa aliyekwenda shambani, umsalimie vizuri, umuulize. Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 2024-04-03. Jina la sampuli liwe moja tangu chupa hadi grafu ya mwisho. Faili asili lisiguswe kamwe, nakala ndiyo uifanyie kazi. Na usifungue orodha ya jeni kwenye Excel bila kuiambia kwamba safu hiyo ni maandishi: kwa miaka mingi iligeuza majina kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe, na makosa hayo yaliingia kwenye machapisho mengi hadi mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ikalazimika kubadilisha majina yenyewe. SEPT2 leo inaitwa SEPTIN2.

Ukitoka upande wa baiolojia, mpangilio wangu wa miezi ya mwanzo ni huu: amri za Linux hadi mikono izizoee, kisha Python ya kusoma na kuandika mafaili, kisha R kwa ajili ya takwimu na grafu, na Git ya kutunza kazi zako. Tovuti ya Rosalind, iliyopewa jina la Rosalind Franklin, ina mafumbo ya bure yanayopanda polepole kutoka kuhesabu herufi hadi kuunganisha jenomu. Fumbua moja kila siku unayoweza, lakini jioni rudi kwa kiumbe wako. Ukitoka upande wa kompyuta, mzigo wako ni mwingine: kaa chini na kitabu cha baiolojia ya molekuli, uelewe DNA inavyonakiliwa kuwa RNA na RNA inavyotafsiriwa kuwa protini, na uombe kuingia maabara japo mara moja uone sampuli inavyochafuka. Nimeona vijana wa kompyuta wenye akili kali wakitoa jibu kwamba mmea una jeni za binadamu, bila kushtuka. Aliyewahi kushika sampuli angeshuku mara moja kwamba mkono wa mtu umegusa chupa.

Vyuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia Mlimani, na ndaki ya TEHAMA iko Kijitonyama. Ukiweza kuwa na mguu mmoja kila upande, fanya hivyo, hata kwa kuomba kuhudhuria somo la upande wa pili. Muhimbili wako karibu na data za wagonjwa, na walikuwa sehemu ya H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki wa Afrika ulioanza mwaka 2012 na kuratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town. Mtandao huo ulianzisha mwaka 2016 kozi ya utangulizi iliyofundishwa kwa mbali huku wanafunzi wa kila nchi wakikaa darasani pamoja na wasimamizi wao. Mfumo huo uige hata mkiwa wanne: mnaangalia somo la mtandaoni pamoja Jumamosi, mnasimamisha video, mnabishana kwa Kiswahili, mnaendelea. Maelezo mengi ya fani hii ni ya Kiingereza, na kuyarudia kwa Kiswahili mbele ya wenzako ndiyo njia ya haraka ya kugundua usichokielewa. Nje ya Dar kuna Sokoine Morogoro kwa mifugo na mazao, na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha. Kwa shahada ya uzamili ya bioinfomatiki yenyewe, wengi wa ukanda wetu wamepitia Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, Nairobi na Makerere. Kama ufadhili umepatikana huko, usisite kwa sababu ya kuvuka mpaka. Mtandao utakaoujenga na Wakenya na Waganda utakulisha kwa miaka.

Ajira nakuambia bila kuificha: nafasi zenye jina la bioinfomatiki kwenye matangazo ya serikali ni chache. Kazi ipo, lakini imejificha chini ya majina kama mchambuzi wa data, afisa utafiti, meneja wa data. Mikataba mingi ni ya mradi, inaisha mradi unapoisha, kwa hiyo jifunze mapema kuandika maombi ya fedha za utafiti. Pa kutazama ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye ofisi Mikocheni na maabara Bagamoyo, NIMR, watafiti wa mazao wa TARI Mikocheni, wa mifugo wa TVLA Temeke, wa uvuvi wa TAFIRI Kunduchi, na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii. Kuna pia kazi za kufanyia nyumbani kwa maabara za nje, ila hizo huenda kwa mtu ambaye kazi zake zinaonekana mtandaoni.

Ukianza kushika data za watu, mipaka ni ya sheria. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Teknolojia ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Utafiti wa wagonjwa unahitaji kibali cha maadili kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa. Jenomu ya mtu ni utambulisho wake na wa ndugu zake, hata ukifuta jina. Usiitume kwa WhatsApp, usiiache kwenye flashi, usimwonyeshe rafiki. Mama aliyekubali mwanawe achomwe sindano kwa ajili ya utafiti ametuamini sisi tuliokaa mbele ya kompyuta, ambao hajawahi kutuona.

Baada ya miezi kadhaa na kiumbe wako utakuwa na mti, jedwali safi, na maelezo ya ukurasa mmoja. Viweke GitHub, tovuti ya kuweka kazi za kompyuta zionekane na wengine. Hapo sasa mwandikie mtafiti. Usimwandikie kwamba una shauku na unaomba nafasi yoyote, barua za namna hiyo anazo nyingi. Soma chapisho lake moja hadi mwisho, kisha andika hivi:

"Habari za kazi, Dkt. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mlimani. Nimesoma chapisho lenu kuhusu virusi vya muhogo. Nimechukua jenomu zilizo wazi NCBI nikachora mti, na sampuli mbili za Pwani zimekaa mahali ambapo sikutarajia. Kazi yote iko kwenye kiungo hiki. Naomba dakika 20 za muda wenu nielewe kama ni kosa langu au ni jambo la kweli. Natafuta pia nafasi ya mafunzo kwa vitendo kuanzia Julai."

Barua kama hiyo mtu mwenye shughuli nyingi anaweza kuijibu akiwa kwenye foleni ya Mwenge. Asipojibu, subiri wiki mbili, endelea na uchambuzi, umwandikie tena ukiwa na jambo jipya la kumwonyesha. Akikuita, nenda na kompyuta yako, data ikiwa ndani na si mtandaoni, na faili asili likiwa halijaguswa, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa sampuli hizo mbili zilitoka kijiji gani na nani aliyezichukua.